Baba Yangu, Mjomba wa Wenzangu

Baba yangu hakunichapa hata siku moja, na jambo hilo sijamsamehe mpaka leo.

Najua mtu akisoma hivyo ataniona sina akili nzuri. Lakini ungekulia Mwembesongo miaka ile ungenielewa. Watoto wa mtaa mzima walikuwa na wenyewe. Ukivunja chupa ya chai unachapwa, ukichelewa kurudi kutoka bombani unachapwa, na ukimaliza kulia unaitwa uje ule. Kwetu sisi, mimi na mdogo wangu wa kike, tukifanya utundu mama akiwa kazini, baba alitutazama kama anavyomtazama mbuzi wa jirani aliyeingia uani, akasema, "Mama yenu akirudi ataona mwenyewe," halafu akaendelea kusikiliza redio. Jirani mmoja alimuuliza mbona anawaachia watoto namna hii. Baba akajibu kwa ule upole wake unaokera, "Mimi sipigi watoto wa watu."

Watoto wa watu! Pua yangu hii ni yake, hata ukifumba macho ukaipapasa utajua. Mwendo wangu ni wake. Mdogo wangu alikoroma kama yeye tangu yuko chekechea. Halafu eti watoto wa watu.

Inabidi nieleze, maana si kila msomaji ametoka Morogoro. Baba ni Mluguru wa milimani, juu ya Bigwa, unapanda kwa miguu mpaka magoti yanalalamika. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Wao ukoo huuita lukolo, na ukizaliwa umeshaingia humo, hakuna mjadala. Mwanamume wa Kiluguru, watoto wake hasa ni wale wa dada yake. Yeye ndiye mjomba wao: ndiye anayewakanya, ndiye anayewaozesha, ndiye anayeamua nani alime wapi. Wale aliowazaa yeye anawapenda, anawalisha, lakini wana wajomba zao. Mpango mzuri kabisa, sikatai. Kila mtoto ana mwenyewe, mradi mama yake naye awe Mluguru.

Mama yangu ni Mpare. Na kwa Wapare mtoto ni wa baba yake, ukoo ni wa baba, shamba ni la baba, hata mbuzi akichinjwa vipande vinafuata upande wa baba. Hawa wawili walikutana kiwandani, wote wakisimamia mashine za kufuma nguo, wakapendana, wakaoana, na hakuna hata mmoja aliyekaa chini akafikiria kidogo. Baba anasema sisi ni wa kina mama. Kina mama wanasema sisi ni wa kina baba. Kila upande ulituachia upande wa pili kwa heshima zote. Tukabaki katikati tumevaa sare za shule, tunakula wali.

Ningeweza kuvumilia kama baba angekuwa mpole kwa kila mtu. Shida ni kwamba hakuwa. Shangazi yangu, dada yake mkubwa, alimteremsha mwanawe wa kwanza akae kwetu asome sekondari mjini. Basi huyo binamu yangu alipata kila kitu nilichokuwa nakitaka. Asubuhi baba alimkagua viatu. Jioni alimkagua madaftari. Akileta alama mbaya anawekwa kitako anaambiwa maneno saa nzima: unajua wewe ni nani, unajua unabeba jina la nani, unataka niuweke wapi uso wangu kule juu. Mimi nilikuwa nakaa nyuma ya mlango nasikiliza. Nilileta ripoti nimeshika mkia darasani, makusudi kabisa, nikaiweka mezani mbele yake. Akaisoma yote, akaikunja vizuri, akasema, "Utamwonyesha mama yako, bibie."

Siku moja nilivunja mkonga wa redio yake, ule wa kuvutia mawimbi, redio aliyokuwa akiipangusa kila Ijumaa kwa kitambaa laini. Binamu ndiye aliyekuwa amekabidhiwa aitunze. Baba alipotokea nikasema wazi, "Nimevunja mimi." Akanitazama, akamgeukia binamu, akamchapa yeye kwa kuniachia niishike. Baadaye binamu alinikuta uani, bado anafuta machozi, akaniambia, "Wewe una bahati sana." Nilitamani nimpige na ndoo.

Kila Ijumaa baada ya swala baba alipanda mlimani kuwatazama watoto wake, yaani wa dada yake. Likizo moja nikamlilia mama mpaka nikaruhusiwa kufuatana naye. Tulipanda kwa kile kinjia cha kina mama wanaoshusha ndizi na mboga kwenda kuuza mjini, na kadiri tulivyopanda ndivyo mtu niliyekuwa nafuatana naye alivyobadilika. Huyu mtu nyumbani alikuwa anauliza kama anaweza kuongeza sukari kwenye chai. Kule juu watu walitoka majumbani wakaja njiani kumwamkia. Shikamoo, shikamoo, mpaka wenye mvi. Nyumbani kwa shangazi alikuta kiti kimeshawekwa, na wazee wanamsubiri, kwa sababu binti mmoja wa shangazi alikuwa anaposwa na kikao kilikuwa hakiwezi kuanza bila mjomba.

Baba alikaa kile kiti. Akasikiliza wageni mpaka wakamaliza. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, nzito, inayofika mpaka uani kwa wanawake, "Huyu ni mtoto wetu. Anayemtaka anitazame mimi usoni aniambie atamtunzaje." Wageni wakajiweka sawa kwenye mkeka. Yule binti, binamu yangu, alikuwa kaketi ndani na mimi anamenya ndizi, akatabasamu akaniambia, "Mjomba akisema hivyo wanatetemeka." Nikasema ndiyo. Nikaendelea kumenya ndizi za watu.

Nisidanganye, nilikuwa na upande wa pili wa kujaribu. Tulipelekwa Upareni kwa bibi kila baada ya likizo kadhaa. Bibi alitupenda, makande yalikuwa matamu, mjomba alitubeba mabegani tangu kituoni. Lakini asubuhi watoto wa mjomba waligawiwa majembe waende kwenye matuta ya tangawizi, kila mmoja na tuta lake, wakigombana nani kapewa pazuri. Mimi nilinyoosha mkono nikaambiwa, "Hapana, mama, wewe kaa na bibi. Wewe una kwenu Morogoro, baba yako atakupa lako." Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikaa likizo nzima, tena likizo nyingi, jembe sikupewa. Nilichukia ule ugeni kuliko ningechukia kulima, na mimi kulima sipendi.

Basi tukakua. Ikaja soko huria. Wakubwa wanaikumbuka: maduka yaliyokuwa matupu yakajaa, sabuni za kila rangi, vitambaa vya kutoka nje, na nguo za mitumba zikaja kwa marobota mpaka nguo za kiwanda chetu hakuna aliyezitazama. Kiwanda kikapunguza watu, kikasubiri mwekezaji, kikapunguza tena. Mama aliona mapema, akaacha mashine akaingia kwenye mitumba, na kwa mitumba hiyo akanunua kiwanja na kujenga nyumba yetu, vyumba vitatu na sebule. Baba alingoja mpaka akapunguzwa. Kiinua mgongo alichopata alikipandisha mlimani chote, akaezeka nyumba ya dada yake kwa bati.

Sijawahi kuwasikia wazazi wangu wakigombana isipokuwa siku ile. Mvua ilikuwa inanyesha na tulikuwa tumetega masufuria sebuleni.

"Huku kwetu kunavuja," mama akasema, "wewe unaezeka kwa watu."

"Kule ndiko kwetu, mke wangu," baba akajibu. "Hapa ni kwako na wanao. Wewe una kaka zako."

"Kaka zangu wako Same! Watoke na ngazi Same waje kuziba bati Mwembesongo?"

Baba akainuka, akamwaga sufuria lililojaa, akalirudisha mahali pake taratibu. Ndivyo alivyokuwa. Ukimkasirikia anakusaidia kazi, unabaki na hasira yako mkononi huna pa kuiweka.

Nilikuwa nauza pamoja na mama sokoni nilipompata mchumba. Alikuwa anafanya kazi kwenye miwa, upande wa Turiani, na wazazi wake ni Wanyamwezi waliohamia huko zamani kufuata kazi hiyohiyo. Alikuja kununua suruali, akajaribisha juu ya suruali aliyovaa, akaondoka, akarudi kesho yake kusema inambana. Ilikuwa haimbani. Sina haja ya kuendelea. Ikafika siku akasema wazee wake wanaleta posa.

Wakaja washenga wawili, wazee wa heshima, kofia na kanzu, jasho la safari limewakaukia. Baba aliwapokea vizuri mno, soda, biskuti, habari za mvua, habari za miwa. Wakasema lililowaleta. Mimi niko chumbani na mama, tumeshikana mikono, nasubiri ile sauti ya mlimani. Nilikuwa nimeingoja tangu siku ile ya ndizi. Anayemtaka anitazame mimi usoni.

Baba akakohoa. "Wazee wangu, mmefanya vizuri kuja," akasema. "Lakini mlango si huu. Mimi ni baba tu."

Nikasikia soda inawekwa mezani.

"Sasa, mzee," mshenga mmoja akauliza, "ikiwa wewe ni baba tu, mwenyewe ni nani?"

"Wajomba zake."

"Wako wapi?"

"Upareni."

Mama aliuachia mkono wangu akajifunika uso kwa kanga. Wale wazee wakaaga, wakaondoka na maneno yao kama walivyoyaleta.

Ikabidi mama aende kibanda cha simu, apige Same, kwenye duka wanalomwitia mjomba, angoje, apige tena. Nilikuwa nimesimama naye nimetega sikio. Mjomba alifurahi sana kusikia mtoto anaolewa. Alipoambiwa apokee posa, furaha ikamwisha. "Dada," akasema, "nitaanzaje? Baba yake yuko hai, anaona, anasikia, mimi nipokee posa ya mwanawe? Watu wa huku watasema nimemnyang'anya shemeji mtoto. Kuja nitakuja, nitakula pilau, nitacheza. Lakini mwenyewe ni shemeji." Mama akamweleza kwamba shemeji naye anasema mwenyewe ni wewe. Mjomba akacheka, akadhani ni utani.

Wenye mizigo yao husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nilikuwa kanda la usufi kwa pande zote mbili, jepesi, na bado hakuna aliyetaka kulinyanyua.

Mchumba akaja sokoni akiwa mnyonge. Alizungukazunguka, mwishowe akasema. Mama yake kule Turiani ameanza kuingiwa na wasiwasi. Anauliza msichana gani huyu asiye na mwenyewe, kesho yakitokea ya kutokea nyumbani tutamwita nani tukae naye? Wazee wamesema hawataki makuu, wanataka kusikia mtu mmoja tu akisema huyu ni wangu. Wasipomsikia, watamtafutia kwingine. "Mtu mmoja tu," akarudia, na macho yake yalikuwa yananiomba nimsaidie. Nilimkunjia suruali aliyokuwa akiichezea, nikamwambia arudi kwao awaambie yupo.

Nikaenda moja kwa moja nyumbani. Mchana kweupe. Baba alikuwa barazani anachambua maharage yaliyoteremshwa kutoka kwa shangazi. Sikuamkia wala sikukaa.

"Baba, umenizaa au hukunizaa?"

"Nimekuzaa."

"Binti za shangazi umewaozesha wote. Uliwasemea kikaoni mpaka watu wakatetemeka, mimi nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu! Mimi nina kasoro gani?"

Aliweka ungo chini. Nilidhani ataniambia utamwuliza mama yako. Badala yake akanionyesha nikae, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu akanieleza.

Alisema siku dada yake alipoolewa, mjomba wao ndiye aliyekaa kitini. Baba yao mzazi alikaa mlangoni, karibu na viatu vya wageni, na hakufungua kinywa mpaka chakula kilipoletwa, na hapo alisema bismillahi. "Na hakuona vibaya," baba akasema. "Alikuwa mtu mwenye adabu. Alijua watoto ni wa watu na yeye kaaminiwa. Mtu aliyeaminiwa mtoto hasimami akasema ni wangu. Akisema hivyo kaiba." Akachukua maharage mkononi, akayarudisha. "Nikikaa kitini kabla ya mjomba wako, bibie, nitakuwa nimekuiba kwa mama yako. Sijawahi kuiba kitu."

Nikamwambia, "Basi niibe, baba! Niibe mara moja tu!"

Akanitazama kwa huruma kabisa, huruma ya kweli, kama unavyomtazama mtoto wa jirani aliyejikwaa. Akasema atafikiri. Nililia kwa hasira mpaka kamasi zikanitoka, na yeye akaingia ndani akaniletea maji ya kunawa.

Aliyetukwamua, au niseme tuliyedhani katukwamua, ni shehe wa msikiti wetu. Mama alimfuata. Shehe akamwita baba, akamweleza bila kuzunguka: kwenye ndoa, walii wa binti ni baba yake. Mjomba hana nafasi hapo. Mila ni mila, lakini ndoa haifungwi na mjomba ilhali baba yupo. Baba akasikiliza, akasema, "Nimeelewa, Shehe. Dini nimeielewa." Washenga wakarudi, safari hii shehe akiwepo, mambo yakapangwa, siku ikawekwa. Nikaanza kupumua. Nilisahau kwamba mtu anaweza kuelewa kitu na bado miguu yake ikakataa kukifuata.

Siku ya ndoa nyumba ilijaa. Shangazi aliteremka mlimani na kina mama wenzake, mikungu ya ndizi kichwani, wakaingia chumbani nilikokuwa nimeketi wakaanza kunisifia hina. Mjomba alifika kutoka Same na koti jipya. Turubai uani, sufuria la pilau linaunguruma pembeni yake, wanaume sebuleni. Kati yangu na wao kulikuwa na pazia tu, na pazia lenyewe lilikuwa jepesi, mojawapo ya yale ya dukani yaliyoingia wakati ule, nyuma yake unaona kila kitu. Nikatazama nikamwona bwana harusi amekaa mbele ya shehe, wazee wa Turiani wamejipanga. Nikamtafuta baba.

Alikuwa mlangoni. Karibu na viatu.

Shehe aliingia na mashahidi kutaka idhini yangu, nikaitoa kwa sauti iliyosikika vizuri mno kwa bibi harusi, mpaka kina mama wakanifinya. Akarudi sebuleni. "Haya, walii," akasema, "sogea tumalize."

Baba hakusogea. Alikuwa anamtazama mjomba. "Shemeji," akasema kwa adabu, "karibu mbele."

Mjomba akashtuka. "Hapana, shemeji. Wewe ndiye."

"Umetoka mbali, shemeji. Usikae nyuma."

"Shemeji, mimi mgeni hapa. Mtoto ni wako."

"Astaghfirullahi. Mtoto ni wenu."

Kila mmoja alikuwa ameinuka nusu, mkono umenyooshwa, anamkaribisha mwenzake kwenye lile zulia mbele ya shehe, na kila mmoja anatabasamu. Watu wastaarabu wanaogombea kunikataa. Wazee wa Turiani wakaanza kutazamana. Mmoja akavuta kofia yake akaitengeneza kichwani, kama mtu anayejiandaa kuondoka. Niliona uso wa mchumba wangu, nikaona jasho juu ya mdomo wake. Shehe akasema, "Jamani, wazee, tulizungumza," na baba akasema, "Ndiyo, Shehe, tulizungumza," na hakusogea.

Nilitaka kupasua lile pazia. Wallahi nilikuwa nimeshaanza kuinuka, hina na kila kitu, niende nikamwambie shehe aniozeshe kwa mtu yeyote anayepita njiani. Mkono ukanishika bega ukanirudisha chini. Ulikuwa mkono wa shangazi.

Huyu mwanamke nilikuwa nimemchukia kimya kimya tangu utoto. Bati letu liko kwake. Ijumaa zetu ziko kwake. Sauti ya baba yangu iko kwake. Akaifunga kanga yake upya kiunoni, akaenda mpaka kwenye pazia, akalifunua. Wanaume wote wakageuka. Si desturi mwanamke kutokeza pale wakati ule, na yeye hakuonekana kujali.

"Kaka," akaita.

"Naam, dada." Baba alisimama wima, papo hapo, kama askari.

"Ukoo umekaa. Mimi ndiye mkubwa, ninausemea. Leo tumekuazima kwa huyu mtoto. Nenda kaketi pale, umwozeshe. Ukimaliza, urudi."

Ndivyo alivyosema. Tumekuazima, kama mtu anavyoazima kinu. Halafu akaliachia pazia akarudi kukaa karibu nami, akaendelea kunipangusa jasho shingoni kwa pembe ya kanga yake.

Baba aliwapita wazee, akaketi mbele ya shehe, akaushika mkono wa bwana harusi. Na ikatoka. Ile sauti. Nzito, inafika mpaka uani kwenye sufuria la pilau: "Nimekuozesha binti yangu." Wazee wa Turiani wakajiweka sawa. Mchumba wangu akajibu akitetemeka, na haki ya Mungu, alikuwa anatetemeka kweli. Vigelegele vikalipuka, kina mama wa mlimani wakaanza wimbo wao, mjomba akawa wa kwanza kumkumbatia baba, amefurahi kupita kiasi.

Nikalia. Kila mtu akasema ni machozi ya furaha, na ya furaha yalikuwemo. Lakini nilikuwa na hasira iliyonijaa mpaka kooni. Kumbe aliweza. Kumbe neno lenyewe ni dogo hivyo, linasemwa kwa pumzi moja, na miaka yote ile lilikuwa linangoja ruhusa ya mtu mwingine. Nilimgeukia shangazi. Nilitaka kumwambia asante na nilitaka kumwuliza kwa nini hakuniazima baba mapema, nikiwa mdogo, nikiwa nyuma ya mlango. Nikamwambia asante. Akasema, "Bwege, kaka yangu yule. Usilie, wanja utamwagika."

Jioni jua likiwa bado lipo gari lilikuja kunichukua kwenda Turiani. Baba alitoka kutuaga. Alikuwa amesharudi kuwa yule wa Mwembesongo, mnyenyekevu, kofia mkononi. Alinishika kichwa akaniombea dua. Kisha akamvuta mume wangu pembeni, si pembeni sana, nilisikia.

"Mwanangu," akamwambia. "Mtunze mtoto wa watu."

Waliosimama karibu wakacheka, wakasema mzee furaha imemchanganya, amesema maneno ya upande wa mwanamume. Mama hakucheka. Mimi nikapanda gari.

Picha za siku ile zipo sebuleni kwangu, na kwenye zote zilizopigwa pale mlangoni nimenuna. Wakwe zangu wanapenda kuwaonyesha wageni. "Mtazameni," husema, "alivyoumia kuacha kwao." Kwao wapi? Swali hilo linanifika mdomoni kila mara, na kila mara nalimeza, nawaongezea wageni chai.